Thaddeus Stevens na Sababu Alizozuliwa

Wanaoandika maisha ya watu mashuhuri wana desturi moja ambayo, kadiri ninavyozidi kuzeeka, ndivyo inavyozidi kunikera. Wakikutana na mtu aliyesimamia haki ya watu wasio wa ukoo wake, wala wa rangi yake, hawatulii mpaka wamtafutie sababu ya ndani: jeraha la utotoni, au kisasi, au mwanamke. Ni kana kwamba binadamu hawezi kukaa chini akafikiri, akaona kuwa jambo hili ni haki na lile ni dhuluma, kisha akalishikilia kwa miaka thelathini kwa sababu hiyo tu. Katika wote niliosoma habari zao, sijaona aliyefanyiwa hivyo zaidi ya wakili mmoja wa jimbo la Pennsylvania, huko Marekani, aliyeitwa Thaddeus Stevens.

Huku kwetu jina lake ni geni. Abraham Lincoln anamjua hata mtoto wa shule ya msingi, lakini ukimtaja Stevens hata mbele ya walimu wa historia, wengi watakuomba ulirudie jina. Kwa hiyo naona ni vema nianze na yale machache yasiyobishaniwa. Alizaliwa Danville, jimbo la Vermont, tarehe 4 Aprili 1792, akiwa na mguu mmoja uliopinda. Baba yake aliiacha familia. Mama yake, Sarah, aliwalea wanawe kwa kazi ya shamba, na akajinyima ili wasome. Thaddeus alimaliza masomo katika chuo cha Dartmouth mwaka 1814, akaenda Pennsylvania, akafundisha shule mjini York huku akijisomea sheria, na mwaka 1816 akafungua ofisi ya uwakili Gettysburg. Mwaka 1833 aliingia katika bunge la jimbo. Mwaka 1842 alihamia mji wa Lancaster. Katika Baraza la Wawakilishi kule Washington alikaa mara mbili: kuanzia 1849 hadi 1853, na kuanzia 1859 mpaka alipofariki Agosti 1868, akiwa na umri wa miaka 76.

Sitaficha kwamba kilichonivuta kwanza ni ule mwaka wake mmoja wa ualimu. Wengi wanaotutoka wakaenda kwenye sheria na siasa hutusahau mara tu wanapovaa tai. Huyu hakutusahau, na nitalieleza hilo hivi punde.

Lakini kwanza zile sababu alizozuliwa.

Ya mguu sitaipotezea wino mwingi. Wapo walioandika kwamba ukali wake wa ulimi ulitokana na uchungu wa ulemavu. Ulimi wake ulikuwa mkali kweli, na wapinzani wake bungeni walimwogopa. Lakini nimefundisha vijana wenye ulemavu waliokuwa watulivu kama maji ya mtungini, na wengine waliokuwa wakali kama pilipili, na mguu haukunieleza lolote juu ya tabia ya yeyote kati yao.

Sababu ya pili ni kisasi. Stevens alikuwa na kiwanda cha kuyeyushia na kufulia chuma mahali paitwapo Caledonia, karibu na Chambersburg. Juni 1863, jeshi la majimbo ya Kusini lilipoingia Pennsylvania kuelekea Gettysburg, Jenerali Jubal Early aliamuru kiwanda hicho kichomwe moto, na kikateketea. Basi, wanasema, ndiyo maana baada ya vita Stevens alitaka mashamba ya matajiri wa Kusini yataifishwe: alikuwa akilipiza hasara yake. Ni maelezo yanayovutia, kwa kuwa kila mtu anaijua hasira ya kuunguliwa mali. Tatizo lake ni kalenda. Msimamo wa Stevens juu ya utumwa na usawa ulikuwa umeandikwa na kusemwa hadharani zaidi ya miaka ishirini kabla ya moto ule. Tena, katika barua aliyoandika baada ya hasara hiyo, jambo linalomsumbua ni familia maskini za wafanyakazi wa kiwanda, na namna ya kuwapatia msaada wa haraka. Mtu anayeota kisasi haanzi kwa kuhesabu vyakula vya vibarua wake.

Sababu ya tatu ndiyo iliyopendwa kuliko zote, kwa kuwa ina mwanamke ndani yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840 nyumba ya Stevens ilisimamiwa na Bibi Lydia Hamilton Smith, mama wa watoto wawili, mwenye damu ya Kiafrika na ya Kizungu. Alikaa katika nyumba hiyo mpaka siku Stevens alipokata roho. Stevens hakuoa. Aliwataka wageni wake wamwite mama huyo kwa heshima, Bibi Smith, jambo ambalo katika Marekani ya wakati ule lilitosha kuzusha maneno. Naye hakuwa mtu wa kusimama nyuma ya mlango: alikuwa na akili ya biashara, akanunua majengo yake mwenyewe, na baada ya kifo cha Stevens aliinunua nyumba yao ya Lancaster.

Mwaka 1915 mtengenezaji filamu D. W. Griffith alitoa filamu iitwayo The Birth of a Nation. Ndani yake yumo mwanasiasa anayechechemea, mwenye nywele za bandia kama alizovaa Stevens, jina lake Austin Stoneman. Amepumbazwa na msimamizi wa nyumba yake, mwanamke chotara, na upumbavu huo ndio unaoliangamiza taifa, mpaka Ku Klux Klan wanapokuja juu ya farasi kama wakombozi. Filamu hiyo ni chafu, ingawa ufundi wake ulisifiwa sana, na walioitazama wakaondoka wakidhani wamesoma historia.

Sasa, mwaka 2012 Steven Spielberg alitoa filamu yake, Lincoln, na Stevens akaigizwa na Tommy Lee Jones. Huyu ni Stevens mwingine kabisa. Ni jasiri, ana mzaha, anapendeza. Nilifurahi kumwona. Lakini angalia filamu inavyofanya karibu na mwisho. Bunge limekwisha kupitisha marekebisho ya Katiba ya kukomesha utumwa; Stevens anaichukua karatasi yenyewe, anakwenda nayo nyumbani, anavua nywele zake za bandia, na tunamwona kitandani na Lydia Smith, ambaye anamsomea maneno ya sheria ile. Watazamaji wanashusha pumzi: kumbe ndiyo maana!

Hapo ndipo ninapotofautiana na filamu hiyo, pamoja na uzuri wake. Griffith alisema mwanamke alimpotosha. Spielberg anatuachia tuone kwamba mwanamke alimwongoza. Mmoja analaani na mwingine anabariki, lakini dhana yao ni ile ile: kwamba mzungu hawezi kumtetea mtu mweusi mpaka awe na mmoja moyoni mwake. Iwapo walipendana, lilikuwa lao wawili. Ninachokijua ni kwamba mkutano wa kuandika upya katiba ya Pennsylvania ulifanyika mwaka 1837 na 1838, kabla Bibi Smith hajakanyaga nyumba ile. Mkutano huo uliingiza neno moja, “weupe”, katika kifungu cha wapiga kura, na kwa neno hilo watu weusi huru wa jimbo lile walipoteza kura. Stevens alikuwa mjumbe. Kazi ilipokwisha na wajumbe wakaitwa kutia sahihi, yeye alikataa. Mpaka leo katiba ile haina jina lake. Hakuna kitanda hapo, wala kiwanda kilichoungua.

Msomaji ataniuliza: ikiwa si hayo, ni nini basi? Jibu langu ni kwamba tusome hotuba zake kama tunavyosoma maandishi ya mtu yeyote mwenye akili, tuone hoja zake zinakwenda wapi. Na hotuba ya kuanzia ni ile ya shule.

Mwaka 1834 Pennsylvania ilipitisha sheria ya kuanzisha shule za umma kwa kodi ya wananchi. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya mwaka 1809, ambayo kwa mbali ilionekana ya huruma: mtoto wa fukara angelipiwa ada na serikali ya wilaya. Lakini ili alipiwe, ilibidi mzazi akubali kuandikwa kuwa hana uwezo, na mtoto aingie darasani akiwa katika orodha ya mafukara. Wazazi wengi waliona ni afadhali mtoto abaki nyumbani. Sheria mpya ilifuta orodha hiyo, shule ikawa ya wote. Ikazua ghasia. Wenye mashamba hawakutaka kulipia watoto wa wengine. Wajerumani wa jimbo lile, ambao walikuwa wengi, walikuwa na shule za makanisa yao na walihofia lugha yao. Wabunge walioiunga mkono sheria walianguka katika uchaguzi, na mwanzoni mwa 1835 waliorudi bungeni walikuja na amri ya wapiga kura: ifuteni. Seneti ya jimbo ikakubali kuifuta. Ilibaki kura ya baraza la wawakilishi, na kila mtu alijua itakavyokuwa.

Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens alisimama. Alipokaa, baraza lilikataa kuifuta sheria, likaiimarisha badala yake, na Seneti ikageuka ikafuata. Sijui hotuba nyingine ya bunge ambayo matokeo yake yalionekana siku ile ile kwa wazi namna hiyo.

Nimeisoma mara nyingi, kwa kuwa kwa miaka mingi nilifundisha wanachuo wa ualimu namna ya kujenga hoja, na nilikuwa naiona kama mfano. Haina mapambo mengi. Anamchukua yule mkulima anayelalamika kwamba hana mtoto shuleni, na anamwuliza, kwa maana ya maneno yake, mbona halalamiki kulipia mahakama ambayo hajawahi kushtakiwa ndani yake, na jela ambayo hajawahi kulala. Kodi ya kumfunga mhalifu mnailipa kimya. Kodi ya kumfanya asiwe mhalifu ndiyo mnayoipigia kelele? Halafu anaigeukia ile sheria ya zamani ya mafukara, na anapendekeza jina lake halisi: sheria ya kuwachoma chapa maskini ili wajulikane mbele ya matajiri. Mwalimu yeyote aliyewahi kushika karatasi na kusoma kwa sauti, mbele ya darasa zima, majina ya watoto waliosamehewa ada, anajua Stevens alikuwa anasema nini. Nimewaona watoto hao wakiinamisha vichwa. Sihitaji kuelezwa zaidi.

Ana jambo jingine la kupendeza humo. Gavana aliyeisukuma sheria hiyo, George Wolf, alikuwa wa chama kingine, na zaidi ya hayo alikuwa Mmasoni, ilhali Stevens aliingia siasa kwa kupigana na Wamasoni kwa ukali usio na kiasi (hiyo ni sura ya maisha yake isiyonivutia hata kidogo, na sitakawia hapo). Hata hivyo katika hotuba ile alimsifu Wolf waziwazi na kuwataka wafuasi wake mwenyewe wasiuchanganye uadui wa vyama na elimu ya watoto. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wolf alishindwa katika uchaguzi wa mwaka ule ule. Sheria yake ikabaki.

Lakini kama ningekuwa nasahihisha hotuba hiyo kwa kalamu nyekundu, ningeandika alama pembeni mwa hoja ya jela. Ni hoja ya kushinda kura, na ilishinda. Hata hivyo, inamfanya mtoto aonekane mhalifu mtarajiwa, na shule iwe kinga ya bei nafuu. Siku mtu atakapothibitisha kwamba jela ni rahisi kuliko shule, tutafunga shule? Hoja ya chapa ni bora zaidi, kwa sababu haimwahidi tajiri faida yoyote. Inamwambia tu kwamba hana haki ya kumtia mtoto wa mwenzake alama. Ukiishika hoja hii moja, utaiona ikitembea katika maisha yake yote: sheria isimtie mtu alama. Neno “weupe” katika katiba ya 1838 lilikuwa chapa. Utumwa ulikuwa chapa kuu. Hakuhitaji kuungua wala kupenda ili kutoka hapa kufika pale. Hoja yenyewe ilimchukua.

Ningependa kuishia hapo juu ya mwanzo wake, lakini kuna mwaka 1821.

Mwaka ule Mahakama Kuu ya Pennsylvania iliamua kesi ya mwanamke aitwaye Charity Butler. Alikuwa mtumwa kutoka Maryland, jimbo la jirani. Kwa sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780, mtumwa aliyeletwa na kukaishwa humo miezi sita alikuwa huru. Charity aliletwa mara kwa mara na bibi aliyemtumikia, na siku zake zote zikijumlishwa zilidaiwa kupita miezi sita. Wakili wa upande wa mwenye mtumwa alijibu kwamba sheria ilitaka miezi sita mfululizo, si vipande vya kuunganisha. Mahakama ikakubaliana naye. Charity na watoto wake wakahukumiwa kuwa watumwa. Wakili huyo alikuwa Thaddeus Stevens, kijana wa miaka 29.

Hapa waandishi wake wanaompenda hukimbilia neno toba. Alijuta, wanasema, na majuto hayo ndiyo yaliyomfanya awe mtetezi wa watumwa maisha yake yote. Ni hadithi nzuri mno, na kwa sababu hiyo hiyo mimi siinunui. Ni sababu ya ndani ya nne, imeongezwa kwenye zile tatu. Kilichopo ni kwamba mwaka 1823, katika sherehe ya uhuru ya Gettysburg, alinyanyua glasi na kumtakia taifa rais ambaye hajawahi kumfunga mtumwa pingu. Na kilichopo ni kwamba baadaye aliwatetea watoro wengi mahakamani, na mwaka 1851 alikuwa mmoja wa mawakili wa watu wa Christiana, walioshtakiwa kwa uhaini baada ya mwenye watumwa kutoka Maryland kuuawa alipokuja kuwakamata watoro wake. Castner Hanway, aliyesimamishwa kizimbani wa kwanza, aliachiwa huru. Yote hayo ni mema. Ila hakuna hata moja lililomtoa Charity Butler utumwani. Kumtumia mama yule kama ngazi ya kupandia Stevens kwenye wema wake ni kumtumia mara ya pili, na sioni kwa nini tufanye hivyo. Alishinda kesi ile kwa sababu alijua kusoma sheria. Alisoma neno “miezi sita” jinsi mteja wake alivyotaka lisomwe. Hilo ndilo doa, na linakaa pale lilipo.

Hata hivyo kesi ile inaonyesha jambo juu ya akili yake, nalo ni kwamba alijua sheria ni maneno, na uhuru wa mtu unaweza kuning’inia katika neno moja. Januari 1865, katika mjadala wa kukomesha utumwa, wapinzani walimtegea mtego. Walitaka akiri kwamba anaamini usawa wa watu weusi na weupe katika kila jambo, ili wabunge wenye woga wakimbie. Akajibu kwamba hakuwa akidai usawa katika mambo yote, bali usawa mbele ya sheria, basi. Filamu ya Spielberg inalifanya jibu hilo kuwa tendo la kumeza mate machungu, mtu anajikana ili kura zipatikane. Ninalisoma tofauti kidogo. Ni jibu la wakili aliyejua ukubwa wa maneno hayo madogo. Mtu akiwa sawa nawe mbele ya sheria, anaweza kukushtaki, kutoa ushahidi dhidi yako, kukunyima kura yake. Waliomsikia wakaona amerudi nyuma, kumbe alikuwa amesimama pale pale. Marekebisho yalipita tarehe 31 Januari kwa kura 119 dhidi ya 56, na miaka miwili baadaye, Januari 1867, ni Stevens huyo huyo aliyesimama kudai kura kwa watu weusi wa Kusini.

Sasa nifikie lile ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote katika kazi yake, na ambalo lilishindwa.

Tarehe 6 Septemba 1865 aliwahutubia watu wa Lancaster. Vita vimekwisha, Lincoln amekwisha kuuawa, na Rais mpya, Andrew Johnson, anawasamehe waasi mmoja mmoja na kuwarudishia mashamba, hata yale ya pwani ambayo jeshi lilikuwa limekwisha kuwagawia watu walioachwa huru. Stevens akaja na hesabu. Alikuwa kwa miaka yote ya vita mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi, na hotuba yake inasomeka kama daftari la mhasibu. Wakubwa wa Kusini wenye zaidi ya ekari 200, au mali ya zaidi ya dola 10,000, ni kama watu 70,000 tu. Wao, pamoja na majimbo yenyewe, wanashika ekari milioni 394. Zitwaliwe. Wanaume wazima walioachwa huru ni kama milioni moja. Kila mmoja apewe ekari 40, jumla milioni 40. Zinabaki ekari milioni 354. Ziuzwe dola 10 kwa ekari, ipatikane dola milioni 3,540. Milioni 300 ziwekwe kwa ajili ya pensheni za askari na wajane, milioni 200 wafidiwe raia watiifu walioharibiwa mali, zilizobaki zilipe deni la vita. Nilizijumlisha mwenyewe kwa penseli, na zinajumlika.

Wanaosema ni kisasi waitazame hesabu hiyo. Familia nyingi za wazungu wa Kusini, wale wasio na mashamba makubwa, hazikuguswa hata ekari moja. Anachokisema ni rahisi: mtu aliyeachwa huru bila kitu atarudi kwa yule yule bwana kuomba kazi, na bwana ndiye atakayepanga ujira, na nyumba, na mwishowe kura yake. Utampa karatasi ya uhuru aishike kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umenyooshwa kuomba unga.

Udhaifu wa mpango upo, na nausema. Aliuza ekari milioni 354 kwenye karatasi kana kwamba wanunuzi walikuwa wamepanga foleni, katika nchi iliyotoka vitani na isiyo na fedha. Na aliuchanganya na deni la taifa, ili watu wa Kaskazini wauone una faida kwao, kama alivyoichanganya shule na jela miaka thelathini nyuma. Safari hii hila haikufaa. Machi 1867 aliuleta tena kama muswada, akiwa mgonjwa kiasi kwamba hakuweza kuisoma hotuba yake yote, na mwenzake akamsomea. Haukupita. Chama chake mwenyewe hakikuutaka. Watu waliokuwa tayari kumpa mtu mweusi kura waliogopa kumpa shamba la mtu mwingine. Matokeo yake tunayajua. Kura iliyotolewa mwaka 1867 ilinyang’anywa kidogo kidogo baada ya jeshi kuondolewa mwaka 1877, na wajukuu wa wale milioni moja wakaendelea kulima mashamba ya wajukuu wa wale 70,000 kwa kugawana mavuno na kubaki na deni dukani.

Ile habari ya kumshtaki Rais Johnson mwaka 1868, ambayo vitabu huifanya kilele cha maisha yake, naipita haraka. Kesi ilikuwa nyembamba, na nadhani alijua. Johnson alinusurika kwa kura moja.

Ninaloliweka juu zaidi ni siku ya tarehe 13 Juni 1866, Baraza lilipopitisha Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba, yale yanayomhakikishia kila mtu ulinzi ulio sawa wa sheria. Stevens alikuwa katika kamati iliyoyaandika, na yalikuwa yamekatwakatwa njiani mpaka hayakufanana na alichotaka. Hotuba yake siku hiyo ni fupi. Alisema kwamba ujana wake wote na utu uzima wake alikuwa na ndoto: siku msingi wa taifa utakapovunjika, utajengwa upya bila alama yoyote ya kuwatenga watu. Ndoto hiyo imepotea, akasema. Na bado atayapigia kura, kwa sababu anaishi kati ya binadamu, si kati ya malaika. Hakuna dhihaka yake ya kawaida humo, wala hamtukani mtu. Ni mzee wa miaka 74 anayekubali nusu ya mkate, na anayewaambia wazi waliompa kwamba ni nusu.

Alifariki Washington usiku wa tarehe 11 Agosti 1868, Bibi Smith akiwa kando ya kitanda chake. Mwili uliwekwa chini ya kuba la jengo la Bunge, ukilindwa na askari weusi, kisha ukapelekwa Lancaster. Alizikwa katika kaburi dogo alilolichagua mwenyewe, kwa sababu makaburi mengine ya mji yalikuwa na masharti ya rangi. Siku chache baadaye chama chake kilikuwa na uteuzi wa mgombea ubunge wa Lancaster. Jina la marehemu liliachwa kwenye karatasi, na wanachama wakampigia kura, akateuliwa.